Jina la Jirani Si Bidhaa Yako



Mwezi uliopita tulikuwa Nachingwea. Baada ya sala ya Alasiri, tulipokuwa tumekaa barazani pamoja na wazee wa mji, alitujia kijana mmoja, akatuamkia kwa adabu, kisha akaomba tuongozane naye kando kidogo, kwani alikuwa na swali ambalo hakupenda kuliuliza mbele ya watu. Tukasimama naye chini ya mwembe, akatueleza jambo ambalo tangu siku ile halijatutoka moyoni. Tulimwomba ruhusa tuliandike katika ukurasa huu bila ya kutaja jina la mtu, naye akakubali.

Kijana huyu alimaliza kidato cha nne, akakosa nafasi ya kuendelea na masomo. Hakukaa kijiweni. Alijifundisha mwenyewe, kwa simu yake, kazi ya kuwawekea wafanyabiashara matangazo katika Google, na kwa kazi hiyo akawa anamsaidia mama yake kulipa ada za wadogo zake. Basi akaitwa na mfanyabiashara mmoja anayeuza mashine za kupulizia mikorosho. Katika Ruangwa yuko mzee mmoja anayeuza na kutengeneza mashine hizo tangu miaka mingi, na sifa yake imeenea vijijini, hata wakulima hawaulizi aina ya mashine bali huuliza kama ni ya mzee yule. Mfanyabiashara akamwambia kijana: “Mtu yeyote anayeliandika jina la mzee yule katika simu, nataka aone tangazo langu mimi kwanza.”

Kijana akafanya alivyoambiwa. Hapo mwanzo tangazo lilikuwa na jina la mfanyabiashara mwenyewe, na waliopiga simu walikuwa wachache. Ndipo akaamriwa alitie jina la mzee wa Ruangwa juu kabisa, katika kichwa cha tangazo. Simu zikawa nyingi. Mzee mwenyewe hana ukurasa wowote katika intaneti. Kwa hiyo aliyelitafuta jina lake aliona tangazo lile, akaamini amefika.

Miongoni mwa waliopiga simu alikuwa mjomba wake kijana, mkulima wa kijiji kimoja cha Ruangwa. Alituma fedha, akaletewa mashine ya aina nyingine, nayo ikamharibikia katikati ya msimu wa kupulizia. Kijana alikuja kuyasikia hayo msibani, mjomba alipokuwa akiwaambia watu kwamba yule mzee wa Ruangwa amebadilika, siku hizi anauza vitu vibovu. Watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Kijana alikuwa amekaa nao katika mkeka mmoja, naye hakusema neno.

“Mzee wangu,” akatuuliza, “ule ujira nilioupokea ni halali au si halali?”

Kabla ya kueleza tuliyomjibu, yafaa wazazi ambao hawajaifahamu kazi hii waielewe jinsi inavyokwenda.

Mtu anapoandika neno katika kisanduku cha kutafutia, majibu yanayotokea ni ya namna mbili. Yako yaliyopangwa na mtambo wenyewe kwa kadiri unavyoona yanafaa, na yako yaliyolipiwa. Yaliyolipiwa aghalabu huwekwa juu, na karibu yake huwa pana neno dogo la kuonyesha kuwa ni tangazo lililodhaminiwa. Google ilianza kuuza nafasi hizo kwa mpango ulioitwa AdWords mwaka 2000. Tangu mwaka 2018 mpango huo huitwa Google Ads. Mwenye tangazo huchagua maneno anayoyataka, akataja kiasi alicho tayari kulipa. Kila mara neno lile linapotafutwa hupita mnada upesi kuliko kupepesa jicho, na mshindi hapimwi kwa fedha peke yake, bali hutazamwa pia namna tangazo lake linavyoafikiana na lile linalotafutwa. Kwa kawaida hulipa pale tu mtu anapolibofya tangazo.

Basi hapana kinachomzuia mtu kuchagua jina la mshindani wake kuwa neno la kununua. Zamani mwenye alama ya biashara aliweza kulalamika na Google ikamzuilia mwingine asilinunue neno hilo. Lakini mlango ulifunguliwa Marekani mwaka 2004, ukafunguliwa Uingereza mwaka 2008, na katika sehemu kubwa ya Ulaya mwaka 2010. Leo Google haizuii kununuliwa kwa neno, ila mwenye alama anaweza kupeleka malalamiko ikiwa jina lake limeandikwa ndani ya tangazo lenyewe, na tangazo likazuiwa. Matokeo yake ni kwamba wako wenye majina makubwa duniani wanaolipa fedha kila siku ili wasipitwe na wengine katika kutafutwa kwa majina yao wenyewe.

Asidhani mtu kwamba jambo la kugombea majina limeletwa na simu. Babu zetu walilijua. Katika karne ya 19 pwani yetu yote ilipenda kitambaa cheupe kilichotoka katika viwanda vya Marekani, kikaitwa merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipotokea, tangu mwaka 1861 hadi 1865, kitambaa kile kikaadimika, na baadaye viwanda vya Bombay vikatengeneza cha kwao. Watu waliendelea kukiita merikani, ijapokuwa hakikuiona Marekani. Jina lilikuwa limekwisha kuhama, likawa la kila mwenye kitambaa.

Tazama na kanga katika sanduku la mama. Juu ya nguo nyingi limepigwa chapa neno “Mali ya Abdulla,” ambalo ni alama ya kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa. Mama zetu wengi hawakusoma sheria za biashara, lakini walijua kuitafuta chapa ile kwa macho na kuushika uzito wa nguo kwa vidole kabla ya kutoa fedha. Kwao chapa ilikuwa ni ahadi: aliyeuza nguo njema mwaka jana ndiye huyu huyu anayeuza mwaka huu. Hii ndiyo kazi ya alama ya biashara. Ni ushuhuda ambao mtu amejijengea kwa miaka ya kusema kweli. Mwenye kuutumia bila ya haki hakuiba mbao za duka wala mabati yake. Ameiba ile miaka.

Sasa tuone waamuzi wa dunia wamesema nini, kwani jambo hili limekwisha kufika mahakamani katika nchi nyingi.

Tarehe 23 Machi 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu katika mashauri baina ya Google na kampuni kadhaa, mojawapo Louis Vuitton, watengenezaji wa mikoba ya fahari. Mahakama ilisema kwamba Google, kwa kuuza neno tu, haiitumii alama ile kwa maana ya sheria. Anayeitumia ni mwenye tangazo. Kisha ikaweka kipimo: mwenye alama anaweza kumzuia mwenzake ikiwa tangazo halimwezeshi mtu wa kawaida, mwenye kutazama kwa uangalifu wa kiasi, kutambua bila ya taabu kwamba bidhaa zile zinatoka kwa nani.

Mwaka 2011 mahakama ile ile ilikirudia kipimo hicho katika shauri la Interflora na Marks & Spencer la Uingereza. Interflora ni mtandao wa wauza maua wengi, kila mmoja na duka lake, ambao wamekubaliana kulitumia jina moja. Marks & Spencer walilinunua neno “Interflora” ili watangaze maua yao wenyewe. Swali likawa: mnunuzi hataweza kudhani kwamba Marks & Spencer nao ni miongoni mwa wanachama wa mtandao ule? Mahakama Kuu ya London iliona mwaka 2013 kwamba haki ya Interflora imevunjwa. Mahakama ya Rufaa mwaka 2014 ikaitengua hukumu hiyo na kuamuru shauri lisikilizwe upya. Wanasheria wakubwa walishindana miaka mingi juu ya neno moja.

Jambo hili la wanachama wengi chini ya jina moja si geni kwa watu wa Nachingwea na Ruangwa. Chama kikuu cha ushirika cha Runali limeundwa jina lake kwa herufi za mwanzo za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na chini yake viko vyama vya msingi vya wakulima. Hatusemi kwamba kuna mtu aliyelichezea jina hilo. Twasema tu kwamba mkulima anayeyajua majina ya namna hiyo aweza kufahamu upesi lile lililowasumbua waamuzi wa London: jina likiwa la wengi, mgeni hupata mwanya wa kujipenyeza akadhaniwa ni mmoja wao.

Tusogee Afrika. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Rufaa ya Afrika Kusini iliamua shauri la kampuni ya Cochrane Steel, watengenezaji wa uzio unaojulikana kwa jina la ClearVu, dhidi ya mshindani wao M-Systems aliyelinunua jina hilo katika Google. Cochrane hawakuwa wameliandikisha jina lile kuwa alama yao wakati huo, wakashitaki kwa hoja kwamba mshindani anajipitisha kwa jina lao. Wakashindwa. Tangazo la M-Systems halikuwa na neno ClearVu ndani yake, na mahakama haikuona kwamba mnunuzi angepotezwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitazama hukumu hizi pamoja utaona kwamba zinagawanya mambo mawili ambayo yule mfanyabiashara aliyachanganya. Kusimama karibu na jina la mwenzako ukanadi bidhaa yako kwa jina lako ni jambo moja. Kulivaa jina la mwenzako ni jambo jingine.

Je, dini yetu imesema nini? Wako watu wanaodhani kwamba alama ya biashara ni mambo ya Wazungu, na kwamba jina halishikiki mkononi, basi haliwezi kuwa mali. Dhana hiyo imekwisha kujibiwa. Mwezi wa Desemba 1988, sawa na Jumada ya kwanza ya mwaka 1409 Hijriya, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait, wakaafikiana wanazuoni katika azimio la 43 kwamba jina la biashara, alama ya biashara, utungaji wa vitabu na uvumbuzi ni haki za wenyewe. Kwamba kwa desturi ya zama hizi zina thamani ya mali. Kwamba sheria ya Kiislamu inazilinda wala haifai kuzishambulia. Wakasema pia kwamba mwenyewe anaweza kuiuza haki hiyo, maadamu hapana udanganyifu ndani yake.

Wala wanazuoni hao hawakuzua jambo jipya. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono ndani ya fungu la nafaka, vidole vyake vikaona unyevu. Mwenye nafaka akasema kuwa imenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akaonywa kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Ndivyo alivyopokea Imamu Muslim. Tangazo lenye kichwa cha jina la mzee wa Ruangwa na ndani yake mashine ya mtu mwingine ni fungu lile lile, kavu kwa juu na lililolowa kwa chini.

Tena Mtume alikataza kuwatokea njiani watu wanaokuja na bidhaa kabla hawajafika sokoni, akampa mwenye bidhaa hiari ya kuuvunja uuzaji akifika sokoni na kuijua bei. Makatazo haya yalimhusu muuzaji anayetoka mbali, ilhali jambo letu linamhusu mnunuzi. Lakini sababu yake ni moja, nayo ni kumwahi mtu asiyejua kabla hajafika pale atakapojua. Watu wa Nachingwea na Ruangwa wanalielewa hili bila ya kufundishwa, kwani wanaijua kangomba. Wakati wa dhiki, kabla ya minada kufunguliwa, hutokea mtu nyumbani kwa mkulima, akainunua korosho kwa chombo cha kukadiria na kwa bei ya chini, naye mkulima kwa sababu ya njaa hukubali. Kila mtu katika wilaya hizi huilaumu kangomba. Basi haifai tuilaumu inapokuja kwa miguu na kuisifu kuwa ni werevu inapokuja kwa simu.

Yako na makatazo ya kuuza juu ya uuzaji wa ndugu yako. Wanazuoni wameyaeleza kwa kirefu, nasi hatutoi fatwa hapa. Mwenye haja na awaendee masheikh wake. Lakini kwa kadiri ya fahamu zetu twaona mambo haya yako katika daraja tatu.

Daraja ya kwanza ni kulinunua neno la jina la mwenzako, tangazo likawa na jina lako wewe peke yake, wazi, pasipo kumkanganya mtu. Mahakama nyingi zimeliruhusu, na mnunuzi hufaidika kwa kujua kwamba kuna maduka mawili. Hata hivyo muungwana atajiuliza kama angeridhia jirani yake naye alinunue jina lake. Akiona moyo unasita, basi aliache. Riziki haikufungwa katika neno moja.

Daraja ya pili ni kulitia jina la mwenzako ndani ya tangazo. Ikiwa unauza kweli bidhaa yake, ukasema kuwa wewe ni muuzaji tu, hapana kosa, kwa kuwa umesema kweli. Lakini ikiwa huna bidhaa yake, jina lile ni chambo, na chambo hakitiwi ila palipo ndoana.

Daraja ya tatu ni kumpokea mteja aliyepotea ukanyamaza. Anapiga simu akisema, “Shikamoo mzee,” akidhani anasema na mtu mwingine, nawe unaitikia marahaba na kupokea fedha zake. Hapo hapana shaka tena, wala hapahitaji sheikh wala wakili.

Sheria za nchi yetu nazo hazikulala. Ijapokuwa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ilitungwa mwaka 1986, kabla ya intaneti kutufikia, inampa mwenye alama iliyoandikishwa haki ya kuitumia yeye peke yake kwa bidhaa zile. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mnunuzi na madai ya uongo juu ya bidhaa, na Tume ya Ushindani imewekwa kuisimamia. Hata asiyeandikisha alama yake hakuachwa uchi kabisa, kwani mahakama humsikiliza mtu anayethibitisha kuwa mwingine anajipitisha kwa jina lake. Lakini njia hiyo ni ndefu, nayo humtaka alete ushahidi wa sifa yake na wa hasara aliyoipata.

Kwa hiyo tunawanasihi wenye kazi za mikono na maduka madogo wa Nachingwea na Ruangwa: andikisheni alama zenu. Kazi hiyo hufanywa na BRELA, na maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao. Na wasichanganye mambo mawili: kuandikisha jina la biashara ili kufungua duka si sawa na kuandikisha alama ya biashara. Wengi wana cheti cha kwanza wakadhani wanacho na cha pili. Alama ikikubaliwa hulindwa kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Na anayefanya biashara Unguja na Pemba ajue kwamba Zanzibar ina sheria yake na daftari lake. Kuandikisha Bara hakumkingi kule. Tena, mwenye jina jema na awe na ukurasa wake katika mtandao, hata mmoja tu, wenye namba yake ya simu ya kweli. Nyumba isiyo na mtu mlangoni, mpita njia hukaribishwa na yeyote.

Nanyi wazazi na watoto mnaonunua kwa simu, hasa katika miezi ya kupulizia mikorosho ambapo msimu haumngoji mtu, fanyeni mambo machache. Kwanza, angalieni kama jibu la juu limeandikiwa kuwa limedhaminiwa. Neno hilo halimaanishi uongo, bali humaanisha kwamba mtu amelipa ili awe hapo. Basi mtazameni vizuri. Pili, msisome kichwa cha tangazo peke yake, bali someni na anwani ya ukurasa na jina la mwenye duka. Tatu, mkipiga simu msiseme nyinyi kwanza jina la mnayemtafuta, ulizeni, “Naongea na duka la nani?” Mwongo hupenda kuambiwa jina lake, na mkweli hulitaja mwenyewe. Nne, msitume fedha mpaka mmepata namba kutoka kwa mtu anayelijua duka lile kwa macho yake. Na kwa dawa za mimea, tazameni kwamba zimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa kuwa ubwiriunga haudanganyiki kwa lebo nzuri.

Turudi kwa kijana wetu. Tulimwambia hivi: “Mwanangu, kazi yako ya kutangaza ni kazi kama kazi nyingine. Ujira ulioupata kwa matangazo ya kweli ni jasho lako, mpelekee mama yako bila ya wasiwasi. Lakini ule ulioupata kwa tangazo lenye jina la mzee yule usiuchanganye na huo. Usiseme kwamba ulitumwa. Aliyeshika kalamu ameshiriki, ijapokuwa maneno aliyasema mwingine.”

Akasema: “Nimekwisha liondoa tangazo lile, na yule bwana amekasirika. Amesema atatafuta kijana mwingine. Nitubu kwa Mwenyezi Mungu, yatosha?”

Tukamjibu kwamba toba kwa Mwenyezi Mungu ni ya lazima, lakini katika jambo hili zimo na haki za waja, na haki ya mja haiondoki ila kwa kurejeshwa au kwa mwenyewe kusamehe. Mzee wa Ruangwa amepoteza wateja, naye hajui kwa nini. Tena amepoteza kilicho kizito kuliko wateja, kwani watu wamemsema msibani kwa kosa asilolifanya. Mjomba naye amepoteza fedha na sehemu ya msimu wake. Hao wote wawili wanadai, ijapokuwa hawamjui mdeni wao.

Kijana akainamisha kichwa. Akasema kwamba kwa mzee angeweza kwenda, kwani hamjui, na mtu usiyemjua akikugombeza huondoka ukasahau. Lakini kwa mjomba aliogopa, maana mjomba ndiye aliyemlea baba yake alipofariki, na fedha za ile simu yake ya kwanza zilitoka kwa korosho za mjomba huyo.

Hatukuwa na maneno mepesi ya kumpa. Tulimwambia aanze kwa mjomba. Tukamwambia kwamba mjomba akishajua ukweli, ni yeye atakayelisafisha jina la mzee mbele ya watu wale wale aliowaambia msibani, na kazi hiyo hapana tangazo liwezalo kuifanya. Kisha waende wote wawili Ruangwa.

Kutoka Nachingwea hadi Ruangwa si safari ya kumshinda mtu. Lakini mwenye jambo kama hili kifuani huiona ndefu. Tulipoachana naye magharibi ilikuwa inakaribia, akatuomba tumwombee dua. Nasi tunawaomba wasomaji wetu wamwombee pamoja nasi, na kila kijana wa nyumba zetu anayejipatia riziki kwa simu aisome habari hii kabla hajalinunua jina la mtu.

Wabillahi taufiq.